Kituo chetu kidogo cha TV kimehamia ATSC 3.0 na kutuzimia picha. Huu ni uhuni!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kile kituo cha nguvu ndogo tunachokinasa kwa antena, bila malipo, kimezima mfumo wa zamani na kurukia moja kwa moja ATSC 3.0, mfumo mpya wa kurusha matangazo ya TV hapa Marekani. TV yangu sasa inaonyesha kioo cheusi. Ukiwapigia simu wanakwambia utafute chaneli upya.

Nitafute nini, jamani? Mfumo wa zamani, ATSC 1.0, unarusha mawimbi kwa njia iitwayo 8-VSB na picha zake hubanwa kwa njia ya MPEG-2. Huu mpya unarusha kwa OFDM na kubana picha kwa HEVC, njia tofauti kabisa. Tyuna, yaani kile kipokezi cha mawimbi kilichomo ndani ya TV ya zamani, haiwezi kuusoma hata uisakishe chaneli mpaka alfajiri. Lazima ununue king'amuzi au TV nyingine. Anayepokea simu pale ama halijui hilo, ama ametuona mazuzu.

Kabla hamjanirukia na "teknolojia inakua", sina ugomvi na teknolojia. OFDM inahimili vizuri mawimbi yanayogonga majengo na kurudi. Kituo cha nguvu ndogo mwisho wake ni kilowati 15 kwenye masafa ya UHF, wakati wakubwa wanaweza kufika kilowati 1,000, kwa hiyo kuutamani mfumo huo naelewa kabisa. Ninachokataa ni kutuacha njiani.

FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliporuhusu mfumo huu Novemba 2017 ilivibana vituo vikubwa: ukirusha 3.0, chaneli yako kuu iendelee kupatikana kwa 1.0 pia, hata kama ni kwa kupata nafasi kwenye mitambo ya kituo jirani. Vituo vya nguvu ndogo vikasamehewa. Vinadaiwa tangazo la kila siku kwa siku 30 kabla ya kuzima, basi. Chetu kilitangaza, siwasingizii: vijineno vinavyokimbia chini ya kioo, vikisema "mabadiliko yanakuja". King'amuzi hakikutajwa popote.

Sasa fikirini nani anakitazama kituo kama hiki. Ni mtu wa antena! Kituo kikubwa kikipotea hewani unaweza kukikuta kwenye kebo, lakini kampuni za kebo hazilazimiki kubeba vituo vya nguvu ndogo, ukiondoa vichache vinavyotimiza masharti magumu. Kwa hiyo msamaha umetolewa palepale ambapo mtazamaji hana pa kukimbilia. Aliyeona hilo ni sawa aje anieleze, nina muda.

Mwaka 2009, vituo vikubwa vilipozima analojia tarehe 12 Juni, serikali ilitoa kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya, za kununulia ving'amuzi. Safari hii kuponi hakuna. Na usidhani ukinunua TV mpya umemaliza, maana hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kuweka tyuna ya 3.0. LG walizitoa kwenye TV zao za 2024 za soko la Marekani baada ya kesi ya hataza. Halafu kuna vituo vinavyofunga mawimbi yake kwa usimbaji, ukanunua kifaa na bado kikagoma kufungua. Matangazo ya bure, yenye kufuli!



Hisia yangu, na ni hisia tu: picha haikuwa lengo. Mfumo huu unasafirisha data kama intaneti, na nafasi ya data inaweza kukodishwa kwa kampuni. Kama hiyo ndiyo biashara, semeni wazi, msituimbie "picha safi ya kizazi kijacho" ambayo hatuioni.

Mwenye king'amuzi kinachofungua chaneli zenye kufuli bila kuunganishwa na intaneti atuwekee jina lake hapa. Wa "nunua kifurushi utazame mtandaoni" apite kimya. Na wewe wa kituoni unayesoma huu uzi bila kuchangia: siku mnazima, mlijua ni nyumba ngapi zina tyuna ya 3.0?