PHP (lugha ya programu): arei yangu, yaani orodha ya data, ina ngazi nyingi, bei hazipandi. Nisaidieni kabla ya kesho asubuhi

Depo_Katuba (Lubumbashi):
Wandugu, salamu. Nimekwama toka jana. Ninashika programu ya depo ya unga. Bei zote ziko ndani ya arei moja: aina ya kiroba, halafu kilo, halafu bei. Unga umepanda toka Kasumbalesa mpakani, patron anataka kila bei iongezeke 15 kwa mia kabla hatujafungua mlango. Nimetia array_map, ipitishe fanksheni yangu kwa kila kitu cha arei, inanijibu «Unsupported operand types: array * float». Nifanye nini fanksheni yangu ifike mpaka chini kabisa?

Fundi_Kadutu (Bukavu):
array_map inashuka ngazi moja tu. Inachoipa fanksheni yako ni arei nzima ya kiroba, na arei haizidishwi. Tumia array_walk_recursive, inayoshuka ngazi zote, ipo tangu PHP 5:

```
function pandisha(&$thamani, $ufunguo, $kiwango) {
  if ($ufunguo === 'bei') $thamani = round($thamani * $kiwango);
}
array_walk_recursive($data, 'pandisha', 1.15);
```

Hiyo & usiisahau. Bila yake unabadilisha nakala, arei inabaki ilivyokuwa, na hutaona kosa lolote. Tena usiandike $data = mbele yake: inarudisha true, stoki yako yote itapotea.

Mzee_Ibanda:
Foreach ndani ya foreach inatosha, kijana. Nilishika hesabu za duka moja Nyawera miaka mingi, kwa kalamu. Bei ikipanda, tunapiga mstari, tunaandika upya, patron anatia sahihi pembeni. Hakuna aliyekuja kulalamika. Siku hizi mnapandisha soko zima kwa mstari mmoja.

Depo_Katuba:
Asante Fundi, sasa inashuka. Lakini kiroba cha 50 000 kimekuwa 58!

Fundi_Kadutu:
Uliandika bei na nafasi katikati, kama tunavyoandika kwenye karatasi. PHP inasoma 50, inafika kwenye nafasi, inaacha pale. Ilikupa onyo, nadhani maonyo umeyazima. Safisha kwanza kwa str_replace(' ', '', $thamani). Na bandika arei yenyewe tuione. Mle ndani kuna bei tu?

Depo_Katuba:
Bei tu, kaka.

Fundi_Kadutu:
Bandika.

Depo_Katuba:
```
'bidhaa' => ['kiroba_25' => ['bei' => '50 000']],
'madeni' => ['mama_wa_soko' => ['viroba' => 2, 'bei' => '44 000']]
```

Fundi_Kadutu:
Madeni! Fanksheni yako inaona ufunguo wa mwisho tu, yaani jina lililo kabla ya thamani. Haijui imepitia bidhaa ama madeni, kwake 'bei' ni 'bei'. Huyo mama alichukua kwa 44 000, kesho atadaiwa 50 600 kwa kila kiroba.

Depo_Katuba:
Najua. Patron alisema yote ipande. Na tuseme ukweli, akilipa 44 000 leo, hiyo hela hairudishi kiroba kwenye depo. Liste nimeshamwambia karani aichape asubuhi.

Mama_Ruashi:
Mwanangu, mimi ni mmoja wa hao wanaokopa. Nilipochukua unga tulipatana bei, nikaupika bukari (ugali), watoto wakala. Mapatano yale hayawezi kubadilishwa usiku mimi nikiwa nimelala. Patron akitaka bei mpya, anikatalie deni la kesho, hilo nitaelewa.

Lshi_Kampasi:
Wandugu, mnalia bure. Hii ni TP, kazi ya darasani. Depo gani ya Katuba inaweka madeni kwenye arei ya PHP? Profesa aliandika «mama_wa_soko», jamaa amenakili, anataka tumfanyie kazi.

Mzee_Ibanda:
Hata mimi nilishangaa. Kesho asubuhi, kesho asubuhi, kama siku ya kurudisha kazi.

Depo_Katuba:
Siyo TP. Jina la mama nimelificha mimi, mlitaka niliweke humu? Faili lilianza kama liste ya bei. Madeni yaliongezwa baadaye na aliyekuwa hapa kabla yangu, kwa sababu daftari liliingia maji ya mvua. Baadhi ya mistari ina 'bei' pasipo 'viroba', kwa kuwa kurasa hazikusomeka. Profesa gani anatunga hivyo?

Lshi_Kampasi:
Sawa, daftari lililolowa nalikubali.

Fundi_Kadutu:
Iwe TP iwe depo, mpe tawi moja tu:

```
array_walk_recursive($data['bidhaa'], 'pandisha', 1.15);
```

Madeni hayataguswa. Fanya kwenye nakala ya faili, na uiendeshe mara moja. Ukirudia, 15 inapanda juu ya 15: kiroba kitafika 66 125, na wateja watakuuliza wewe.

Depo_Katuba:
Nimeiendesha kwenye nakala. Bidhaa 57500, madeni 44 000. Karani nimemwambia asichape kitu mpaka nimuone patron saa moja. Akikataa, atabadilisha madeni kwa mkono wake. Sasa Fundi, ile mistari isiyo na 'viroba', 'bei' yake ni ya kiroba kimoja ama ni deni zima?

Mama_Ruashi:
Hiyo PHP haiwezi kukujibu. Wapigie simu wenyewe.