Spinaka ya GP14 imechanika: niagize mpya, ninunue mtumba, au tushone hapahapa Tanga?

Kijana wa Sahare

Assalaam alaykum wanabahari. Nina GP14 ya mbao aliyoniachia mjomba. Kwa asiyeijua, ni dingi, yaani mashua ndogo ya tanga, iliyochorwa na Jack Holt wa Uingereza mwaka 1949, urefu futi 14, yaani mita 4.27. Herufi GP maana yake ni chombo cha kazi zote: twende kwa tanga, kwa makasia au kwa mashine ndogo ya nyuma. Alama yake kwenye tanga kubwa ni kengele. Mwili bado mzima, mlingoti wa mbao nimeupiga vanishi mwaka huu, ila spinaka, lile tanga jepesi la mbele la kupokea upepo wa mgongoni, ndiyo imeniaga.

Tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Ulenge, saa tisa mchana, kaskazi iko mgongoni, spinaka imejaa vizuri. Wala hakukuwa na dhoruba. Nikasikia mlio kama muuza kanga anayepasua doti dukani. Kutazama juu, mpasuko umeanzia pembe ya juu na umeshafika katikati. Tulipofika Raskazone niliushika ukingo wake kwa vidole viwili, nikavuta kidogo tu, ukafuata kama karatasi. Nailoni yote imekufa kwa jua. Kushona kiraka pale ni kumshonea kiraka marehemu.

Nina njia tatu mbele yangu. Kuagiza mpya kutoka kwa washona matanga wa Uingereza wanaoijua GP14, ambayo itanigharimu zaidi ya nilivyotumia kuitengeneza mashua yenyewe, na bado sijahesabu usafiri, ushuru na VAT ya 18%. Ya pili, kuna mtu ana spinaka ya 420, aina nyingine ya dingi, mtumba, rangi bado kali, anaiuza bei ya kuongea. Ya tatu ni kushonesha hapa. Vitabuni spinaka ya GP14 ni mita za mraba 8.4 na ya 420 ni 9. Naona zinakaribiana. Nichukue ile ya 420?

Mzee wa Raskazone

Wa alaykum salaam mwanangu. Usinunue tanga kwa mita za mraba. Nguo mbili zaweza kuwa na eneo moja, moja ikawa gauni na nyingine shuka. Kinachokuhusu ni urefu wa kingo mbili za wima na upana wa katikati, na hivyo viwili vinatokana na mlingoti wako, si jina la tanga.

Chukua futi, panda juu ya sitaha. Pima kutoka sitaha hadi kwenye kapi ya henza (kamba ya kutwekea) ya spinaka. Kisha pima kutoka mlingoti hadi pale waya wa omo (mbele ya chombo) unapoingia kwenye sitaha. Kila kipimo kizidishe kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 0.95. Huo ndio mwisho wa urefu wa ukingo. Upana usizidi mara 1.8 ya kile kipimo cha pili. Hii ni kanuni ya IOR, vipimo vya mashindano ya miaka ya 1970 na 1980. Ilitungwa kwa vyombo vikubwa, lakini kwa dingi ya zamani yenye mti wa kutanulia spinaka inakupa picha ya kweli.

Halafu hiyo ya mtumba, usidanganywe na rangi. Weka nguo mdomoni, pulizia. Hewa ikipenya kirahisi, ule utando wa kuziba upepo umeshatoka, na tanga la hivyo halisimami upepo ukiwa mdogo, ambapo ndipo unapolihitaji hasa. Pulizia karibu na pembe ya juu, maana huko ndiko jua linakokula kwanza. Kisha bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Mwenye mali akikataa usibonyeze, basi umeshapata jibu.

Binti Pangani

Shikamoo mzee. Naunga mkono, na mie nililipia somo hili. Nina Wayfarer, ile dingi iliyochorwa na Ian Proctor mwaka 1957, mita 4.82. Nilipokosa spinaka yake nikanunua ya 470, dingi nyingine, kwa mtu aliyeniapia kuwa ni sawasawa. Sikupima. Nilipoitweka mara ya kwanza, pembe ya juu ilifika kwenye kapi na pembe za chini bado zinaning'inia chini ya ukingo wa mashua. Tanga likalamba maji. Mkunjo mmoja ulichota bahari, mashua ikainama, na mdogo wangu aliyeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, akaachia kwa hofu. Alhamdulillahi tulikuwa karibu na fungu la mchanga.

Kosa langu la pili lilikuwa kupunguza juu. Pembe ya juu ndiyo iliyobeba ufundi wote, vipande vinatoka pale kama vidole vya mkono ili kila uzi ufuate njia ya mvuto. Nilipokata sentimita 40 juu, nilikata viganja. Tangu hapo tanga lina mikunjo isiyotoka hata uvute vipi. Ukilazimika kufupisha, fupisha ukingo wa chini, na ujue kwamba utatengeneza upya viraka vya pembe zote mbili.

Kwa hiyo ya 420 naweza kukushauri uipime kabla ya kulipa hata shilingi. Ikizidi kwa upana kidogo utaishi nayo. Ikizidi kwa urefu, iache.

Kijana wa Sahare

Nimepima leo asubuhi maji yalipokupwa. Sitaha hadi kapi: mita 3.90. Mlingoti hadi waya wa omo: mita 1.50. Kwa kanuni ya mzee napata ukingo wa mita 3.97 na upana wa mita 2.70. Ile ya zamani, upande usiochanika, ni mita 3.92. Kumbe kanuni haiko mbali.

Ya 420 nimeenda kuipulizia. Hewa imepita kama kwenye chujio la tui.

Nahodha wa Kigombe

Nyote mwazungumzia nguo, hamjazungumzia upepo. Kijana, wauhitaji huo mzigo kwa miezi mingapi? Kaskazi ikitulia, na zile siku za tanga mbili baina ya pepo, sawa, nguo nyepesi itakusogeza. Lakini kusi ya mwezi wa saba, mwenye akili hatweki nguo ile. Mie kwenye mashua yangu upepo ukiwa wa tezi, yaani wa nyuma, nalegeza demani, foromali (mti unaobeba tanga) nailaza, nakwenda. Wewe chukua upondo, mti mrefu, mwepesi, shikiza tanga lako dogo la mbele upande wa pili wa tanga kubwa, kama mabawa. Hutafika wa kwanza, lakini utafika na mlingoti wako.

Na mtu asikwambie ushone kwa merikani. Pamba ni nzuri kwa tanga la foromali, inashika umbo, ila kwa spinaka ni nzito, upepo mdogo hauinyanyui. Ikilowa ndiyo kabisa.

Mkaazi wa Mikanjuni

Mbona hakuna anayetaja spinaka za kisasa zisizolingana pande, zinazofungwa kwenye dasturi, ule mti unaotokeza mbele ya chombo? Hazina ule mti wa kuhamishahamisha. Unatweka kama tanga la mbele, unageuza kama tanga la mbele. Kwa mtu anayekwenda na watoto ni raha tupu. Kijana anaweza kutia dasturi ya bomba la alumini.

Mzee wa Raskazone

Ndugu yangu wa Mikanjuni, kwa chombo kilichochorwa hivyo tangu mwanzo, kama RS200 ya mwaka 1995, hakuna ubishi. Ila tanga lile halipendi upepo wa mgongoni moja kwa moja, linajificha nyuma ya tanga kubwa na kulegea. Inabidi uende kwa kona, upande huu na upande ule, kasi ikulipe umbali ulioongeza. GP14 ya mbao ni nzito, haina kasi ya kulipa deni hilo. Tena kutoka Ulenge kuingia bandarini, meli zikiwa zinapita, nataka kijana aweze kushika njia iliyonyooka. Na omo ya plaiwudi ya zamani haikujengwa kuvutwa juu na dasturi. Itaanza kuachia kwenye maungio, na hapo hatuzungumzii tanga tena.

Maneno ya nahodha kuhusu upondo nayakubali kwa siku za upepo mkali. Ni vizuri kijana ajifunze vyote viwili.

Ummi Cherehani

Salaam. Mimi ni fundi wa Ngamiani, nashona maturubai na vifuniko vya boti, na nimeshatengeneza spinaka mbili. Naomba niseme kwa upande wa sindano.

Kitambaa kwanza. Nailoni ya mwavuli muikatae. Ukiivuta kwa mshazari inanyooka na hairudi, na ikitoboka, tundu linakimbia. Kitambaa chenyewe cha spinaka kina nyuzi nene zilizosukwa vijisanduku vidogovidogo, kama daftari la hesabu. Mpasuko ukifika kwenye uzi mnene unasimama. Uzito wake huwa kati ya gramu 30 na 45 kwa mita ya mraba. Ukikishika dirishani unaona vile vijisanduku wazi, na kikiwa kizima hakioneshi vitobo vya mwanga.

Hapa mjini sijakiona dukani. Ila kuna njia mbili. Moja, kuagiza kitambaa pekee, si tanga lililoshonwa. Kinakunjwa kikawa kifurushi cha kilo moja, na gharama inashuka sana kwa sababu kazi yote inafanyika hapa. Pili, zile tiara kubwa wanazochezea watu wa kuteleza baharini kule Paje, Unguja. Zikichoka zinatupwa au kuuzwa kwa bei ndogo, na nguo yake ina vijisanduku hivyohivyo. Nilishonea ya kwanza kwa tiara mbili. Tahadhari: ile ni polista, si nailoni. Haina mnyumbuko, kwa hiyo upepo ukipiga ghafla mshtuko wote unakwenda kwenye mishono na kwenye mlingoti. Kwa mlingoti wa mbao wa mjomba wako, mimi ningekaa na nailoni.

Sasa kukata. Watu wanadhani unafumua tanga la zamani, unalaza, unafuatisha. La zamani limeshavutika, ukifuatisha unashona na uchovu wake. Lakini spinaka yako ina nusu mbili zinazolingana, na hapo ndipo bahati yako ilipo. Nitaikunja katikati, niangalie nusu ipi imeharibika kidogo, nitoe patani ya karatasi kwa nusu hiyo tu, nirekebishe kwa vipimo vyako, kisha nigeuze patani kwa nusu ya pili. Tumbo la tanga halitoki kwenye kitambaa, linatoka kwenye kingo za vipande. Kila ukingo umekatwa na mbinuko mdogo, na ukiunganisha ukingo uliobinuka na mwenzake, nguo inajitokeza yenyewe. Mbinuko ukizidi hata kidogo, ukizidisha kwa idadi ya vipande vyote, unapata kapu badala ya tanga.

Nakata kwa chuma cha moto ili nyuzi zisichanuke. Vipande nashikizisha kwa tepu ya gundi kabla ya sindano, maana nailoni inateleza kama samaki. Mshono wa zigizaga, uzi wa polista kwa sababu unavumilia jua kuliko wa nailoni. Viraka vya pembe tabaka tatu au nne, kila tabaka dogo kuliko la chini yake. Kazi ni siku nne, kama umeme haukatiki.

Binti Pangani

Dada Ummi, Mungu akuzidishie. Kumbe tanga langu lile la 470 bado linaweza kutoa kitambaa?

Ummi Cherehani

Linaweza, dada yangu, kama linapita jaribio la mzee la kupuliza. Usilitupe.

Kijana wa Sahare

Nimekaa na maneno yenu yote siku mbili. Ya 420 nimemrudishia mwenyewe kwa heshima. Mpya kutoka Uingereza ningeipata kama ningekuwa naingia mashindano ya GP14 kwa GP14, ambapo tanga linapimwa kwa sheria, lakini mimi nakwenda visiwani Ulenge na Toten na kurudi. Dasturi sitii.

Nitaagiza nailoni pekee. Nyeupe na kijani, rangi za ile ya mjomba. Dada Ummi atashona. Mita 3.92 za ukingo, si 3.97, ili nibakize nafasi ya mnyumbuko nailoni ikilowa. Na mpaka kitambaa kifike, nahodha, nimeshachonga upondo wa mwanzi, kesho naujaribu kwenye tanga la mbele.

Mzee, nilisahau kuuliza jambo moja: mjomba alikuwa anaiacha spinaka kwenye mfuko wake, ndani ya mashua, juani mwaka mzima. Ndiyo iliyoiua?

Mzee wa Raskazone

Ndiyo mwanangu. Mfuko mwembamba hauzuii jua, na chumvi iliyokauka ndani inasugua nguo kila mashua inapotikisika. Mjomba wako nilimwambia, Mungu amrehemu, akawa anacheka. Wewe ioshe kwa maji matamu, ianike kivulini, ilale nyumbani.

Nahodha wa Kigombe

Mwanzi ufunge kitambaa kwenye ncha, usitoboe tanga. Na uwe na kamba ya kuuachia upesi, usifunge kifundo cha kufa.

Ummi Cherehani

Kijana, usisubiri kitambaa. Niletee la zamani Jumamosi baada ya adhuhuri, nianze patani. Lifue kwanza, chumvi inaua mashine yangu. Na ile nusu iliyochanika ije pia, nataka kuona uzi gani uliachia kwanza pale kwenye pembe ya juu.