Ukoo wa Barabara ya 13: saundiba ya Bibi

Alhamisi

18:52 Mamdogo Zuhura: Assalaam alaykum wana ukoo. Saundiba ya Mama, ile spika ndefu ya TV, imefika, Tatu ameshaifungua. Nataka Jumamosi saa kumi iwe inalia vizuri. Wageni wa hitima wataanza kuingia na nyie wa mpira mtajaa sebuleni humo humo. Nani anajua mambo ya seting?

18:53 Mamdogo Zuhura: Naona mmesoma.

19:20 Mamdogo Zuhura: Watu 23 humu ndani!

19:31 Juma Korogwe: Mimi najua kuongeza sauti tu 😂

19:32 Mamdogo Zuhura: Juma leo sina utani.

19:34 Tatu: Inawaka, ina taa. Lakini TV bado inaongea kwa spika zake yenyewe, saundiba kimya.

19:36 Shabani Fundi: Shikamooni wakubwa. Tatu, nipigie picha nyuma ya TV. Na boksi, upande wenye namba.

19:41 Tatu: [Picha]
[Picha]

19:47 Shabani Fundi: Sawa. Milango ya HDMI, ile ya waya wa picha na sauti, ipo mitatu. Ule ulioandikwa ARC ndio mmechomeka king'amuzi. Kitoeni hapo, kihamie namba 1. ARC ndio mlango pekee unaorudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye saundiba, ile mingine kazi yake kuingiza tu. Waya wa HDMI wa saundiba uko wapi?

19:50 Tatu: Haukuja. Upo mwembamba mweusi, mwishoni una vigololi vya plastiki. Nimeuchomeka haushiki.

19:51 Shabani Fundi: Huo wa optiko, sauti inapita kwa mwanga. Vua hivyo vifuniko pande zote mbili kwanza. Ukiona mwekundu unawaka ncha ya pili, umepatia. Usiuchungulie.

19:52 Juma Korogwe: Kauchomeka na kofia zake 😂😂😂

19:53 Tatu: Si ndivyo ulivyokuja!

20:02 Tatu: INALIA

20:02 Mama Ashura: 🌙 *Imesambazwa mara nyingi* 🌙 Usiku wa kuamkia Ijumaa usisahau kumswalia Mtume. Watumie watu kumi na usikatishe...

20:09 Mjomba Kassimu: Vizuri. Spika za nyuma mmezitundika wapi? Maana raha ya saraundi ni zile za nyuma.

20:11 Tatu: Za nyuma hazipo mjomba. Kuna hii ndefu na sabufa.

20:12 Juma Korogwe: Eeeh. Boksi lilipitia kwa nani vile? 👀

20:13 Mamdogo Zuhura: Juma!

20:15 Mamdogo Zuhura: Ila swali si baya. Boksi lilishuka bandarini likakaa Magomeni zaidi ya wiki.

20:16 Mjomba Kassimu: Zuhura unataka kusema nini?

20:16 Mamdogo Zuhura: Sijasema kitu. Nimesema lilikaa.

20:18 Mjomba Kassimu: Kila kinachopungua nyumba ile ni Kassimu. Tangu redio mpaka leo.

20:19 Mamdogo Zuhura: Redio umeitaja wewe.

20:19 Mjomba Kassimu: *Ujumbe huu umefutwa*

20:20 Mjomba Kassimu: *Ujumbe huu umefutwa*

20:24 Shabani Fundi: Wazee wangu naomba niseme. Picha ya boksi imeandikwa 3.1. Ile tatu ni kushoto, katikati na kulia, zote zimo ndani ya huo mti mrefu. Ile moja ni sabufa. Za nyuma unazipata kuanzia 5.1. Hakuna kilichopungua.

20:25 Juma Korogwe: Tatu Nukta Moja, jina jipya hilo 😂

20:26 Tatu: Usinianze

23:40 Mamkubwa Mwanaidi Maskati: Ndio natoka kazini. Jamani hiyo ndiyo niliyonunua, haina za nyuma na haikuwahi kuwa nazo. Zilikuwepo za kuuzwa kivyake, nikaona Mama hana pa kuzitundika, ukuta wenyewe ule. Kaka Kassimu tusameheane.

23:58 Mjomba Kassimu: Nashukuru Mwanaidi. Natumaini na wengine wamesoma.

Ijumaa

06:14 Mamdogo Zuhura: Sabalkheri. Tuendelee na seting. Shabani, eleza mara moja, Tatu afuate.

08:30 Shabani Fundi: Nilikuwa kwenye foleni. Tatu, ingia seting za TV, upande wa Sauti. Pa kutolea sauti chagua optiko, spika za TV zizimwe kabisa, la sivyo utasikia mwangwi kama mmo bafuni. Halafu tafuta mahali penye PCM na Bitstream, TV nyingine huandika Auto. Ukiweka PCM, TV inaipika sauti yenyewe, na kwa waya huo zinatoka njia mbili tu, kushoto na kulia. Ukiweka Bitstream inaipeleka mbichi, saundiba ndiyo inapika. Filamu ikiwa na sauti ya Dolby Digital 5.1 ukaiachia PCM, inafika kwenye saundiba imeshabanwa kuwa njia mbili. Ile spika ya katikati, ambayo ndiyo ya maneno, haipati lake.

08:33 Juma Korogwe: Kwa hiyo PCM ni kiporo

08:34 Mamdogo Zuhura: Mmenikumbusha kupika. Pilau ya Jumapili nimeandika kilo 25 za mchele. Nyama nani anasimamia?

08:36 Mama Ashura: 25 ndogo. Arobaini ya Babu tulipika 30 watu wakakosa.

08:37 Mamdogo Zuhura: Walikosa kwa sababu kuna waliofungasha kwenye ndoo.

08:39 Tatu: Sasa nichague ipi?

08:40 Mama Ashura: Nani alifungasha kwenye ndoo Zuhura?

08:52 Mjomba Kassimu: Nyama mimi. Yaishe.

09:15 Tatu: Jamani PCM au hiyo nyingine?

09:40 Shabani Fundi: Bitstream. Au Auto kama ipo. Ukikosa sauti kwenye kitu fulani, hapo ndio urudi PCM, hiyo haikatai kitu.

09:58 Tatu: Nimeweka. Lakini Bibi anabonyeza rimoti ya TV, haiongezi wala haipunguzi. Na rimoti ya saundiba vibonyezo vyake vidogo havioni.

10:05 Shabani Fundi: Ndio ubaya wa optiko. Inapeleka sauti tu, haipeleki amri, labda saundiba ifundishwe rimoti ya TV na hiyo sijui kama inakubali. Tukipata waya wa HDMI tukaweka kwenye ARC na kuwasha CEC kwenye TV, rimoti moja inatosha. TV ikizimwa na saundiba inazima.

10:07 Mamdogo Zuhura: Basi ndio tunachotaka. Nani analeta waya?

10:31 Mamdogo Zuhura: Nani analeta waya?

12:50 Mjomba Kassimu: Kabla ya waya. Jumamosi mechi ya watani, tuweke ile Surround kwenye rimoti ya saundiba tusikie uwanja.

13:02 Shabani Fundi: Inawezekana mjomba, ila matangazo ya mpira kwa king'amuzi kwa kawaida huja njia mbili. Saundiba inabuni hiyo saraundi yenyewe, inatandaza kelele za mashabiki, na mtangazaji anazama humo humo. Bitstream haisaidii hapo, huwezi kupeleka ambacho hakikuja.

13:04 Juma Korogwe: Mtangazaji azame tu. Yanga ikifunga nitatangaza mwenyewe.

13:05 Mjomba Kassimu: Ikifunga.

13:09 Juma Korogwe: Ila safari ile jirani alishangilia goli, sisi kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja. Hilo nalo tuwekee seting Shabani

13:12 Shabani Fundi: Mlikuwa mnarusha kutoka kwenye simu. Intaneti huchelewa kuliko dishi, saundiba haihusiki.

13:14 Tatu: Ila mdomo wa msomaji habari unatangulia, sauti inafuata.

13:16 Shabani Fundi: Tafuta seting ya kuchelewesha sauti, iwe 0. Usiiongeze, ikiongezwa ndio inazidi kubaki nyuma. Bado ikichelewa, kama kuna Pass Through iweke hiyo, TV isiiguse sauti.

13:20 Juma Korogwe: Nakuja na flashi ya muvi za usiku.

13:22 Shabani Fundi: Kagua kwanza sauti zake ni za aina gani. Zikiwa DTS, TV kadhaa hazizitoi, utaona picha bubu. Samsung waliacha DTS tangu matoleo ya 2018.

13:22 Mamdogo Zuhura: Muvi gani usiku wa kuamkia hitima!

17:45 Tatu: Bibi amesema niwawekee hii.

17:45 Tatu: [Ujumbe wa sauti 1:26]

17:58 Amina Temeke: Nipo kwenye daladala sisikii. Bibi anasemaje?

18:10 Tatu: Amesema niandike kama alivyosema. "Wanangu, Tatu ananisomea tangu jana. Mwanaidi, Mungu akuzidishie, umenikumbuka. Mimi sikuomba uwanja wa mpira uingie chumbani kwangu. Niliomba saa mbili usiku niisikie taarifa ya habari bila ya kumuuliza mtoto, kasema nini, kasema nini. Jana nimesikia vishindo mpaka vikombe vinalia kabatini. Maneno sikuyapata. Na habari ya redio ilisemwa mbele ya baba yenu akiwa hai, akaimaliza mwenyewe. Jumapili mnakuja kumsomea. Sitaki kuisikia tena, wala kwa Zuhura wala kwa Kassimu."

18:31 Mjomba Kassimu: Shikamoo Mama. Tumesikia.

18:33 Mamdogo Zuhura: Tumesikia Mama. Utusamehe.

19:04 Mamkubwa Mwanaidi Maskati: Amin Mama 🙏🏾

19:20 Shabani Fundi: Tatu, rimoti ya saundiba, kibonyezo cha hali ya sauti, bonyeza mpaka iandike Voice. Hiyo inanyanyua maneno. Sabufa ishushe mpaka karibu na mwisho, na uiondoe kwenye kona, kona inaongeza mvumo. Iko wapi hivi sasa?

19:22 Tatu: Kwenye kona, chini ya kabati la vikombe.

19:22 Shabani Fundi: Ndio hivyo vishindo. Nipigie picha ya mbele.

19:25 Tatu: [Picha]

19:27 Shabani Fundi: Hicho cheupe juu ya saundiba ni nini?

19:28 Tatu: Kitambaa cha Bibi, kaifunika vumbi.

19:30 Shabani Fundi: Kimeshuka mpaka mbele, kimeziba katikati kabisa. Hapo ndipo maneno yanatokea.

19:31 Mamdogo Zuhura: Amekifuma mwenyewe hicho. Nani atamwambia akitoe?

19:50 Mamdogo Zuhura: Kimya tena.

20:21 Tatu: Nimekikunja nusu, hajaona. Taarifa ya habari inaendelea, hajaniuliza kitu mpaka sasa.

20:23 Mjomba Kassimu: Alhamdulillah. Basi Jumamosi dakika 90 tu tuweke Surround, kisha tunairudisha Voice. Mama atakuwa kwa majirani saa hizo.

20:24 Mamdogo Zuhura: Na nani atairudisha, kaka?

20:26 Juma Korogwe: Tatu Nukta Moja

20:27 Tatu: Mimi nitakuwa jikoni na vitunguu vyenu.

20:40 Mamdogo Zuhura: Waya wa HDMI. Shabani, ununuliwe wa aina gani?

20:44 Shabani Fundi: Wa kawaida unatosha kwa ARC, mita moja na nusu. Asiwauzie mtu wa bei mbaya kwa maneno ya 8K.

20:45 Mamdogo Zuhura: Mtu mmoja aununue Dar, aupe basi la asubuhi. Tutamrudishia. Kaka Kassimu?

21:10 Mjomba Kassimu: Mimi nimeshabeba nyama. Na kitu cha umeme kikipitia kwangu tena, basi.

21:12 Mamdogo Zuhura: Mama amesema nini sasa hivi?

21:13 Mjomba Kassimu: Sijaitaja.

Jumamosi

05:48 Mama Ashura: ☀️ Asubuhi njema ukoo mtukufu ☀️

07:05 Mamdogo Zuhura: Waya umepatikana? Shabani?

07:30 Shabani Fundi: Mamdogo niko kazini mpaka saa sita, na maduka nikitoka sijui. Optiko itasukuma mechi na hitima bila tabu. Shida ni rimoti tu.

07:31 Mamdogo Zuhura: Rimoti ndiyo ya Mama!

09:17 Amina Temeke: Samahani jana nililala. Nimesoma juu juu. Ninao waya kwenye droo, una vichwa bapa pande zote, sijui kama ndio huo. Basi langu saa nne.

09:18 Mamdogo Zuhura: Piga picha.

09:40 Mamdogo Zuhura: Amina piga picha.