Mama anakuja mahafali Columbia, Missouri: siku mbili za ziada, St. Louis au Kansas City?

Mwana_wa_Karatu
Habari za humu wakuu. Mdogo wangu anamaliza chuo Columbia mwezi wa tano na mama anakuja kutoka Karatu, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mahafali ni Ijumaa; Jumamosi na Jumapili tuko huru na gari lipo. Tatizo ni kwamba Columbia imekaa katikati kabisa. Ukishika barabara kuu ya I-70 kwenda mashariki, kama saa mbili uko St. Louis. Ukienda magharibi, saa mbili zilezile uko Kansas City. Yote miwili sitaki, mama ana miaka 68 na goti la kulia halina urafiki naye. Anapenda nyama na kukaa mahali akaangalia watu wakipita. Jibini hataki hata kulisikia harufu. Nipeni mji mmoja na sababu.

Dereva_wa_I70
Kansas City, na mjadala ufungwe. Umesema nyama, mkuu. Kule kuna kitu kinaitwa burnt ends: ni zile ncha zenye mafuta za kidari cha ng'ombe. Kidari kinakaa kwenye moshi wa kuni saa kumi na zaidi, ncha zinakauka nje zinakuwa nyeusi kama mkaa, lakini ukitafuna ndani ni laini, mafuta yanayeyuka. Zamani pale mgahawa wa Arthur Bryant's wateja walikuwa wanapewa bure wakisubiri kwenye foleni. Leo ndiyo sahani yenyewe, na bei imejua hilo. Unaletewa juu ya mkate mweupe wa slesi, na achari ya matango pembeni. Mkate usiutupe, ndio unaofuta sosi.

Kuna na mgahawa wa Joe's, uko ndani ya kituo cha mafuta, upande wa jimbo la Kansas, maana mji umekaa mpakani. Watu wanajaza petroli, wewe unapanga foleni ya mbavu. Jumapili wanafunga, kwa hiyo mpeleke Jumamosi.

BintiLamu
Dereva, umemwambia habari ya sosi? Sosi nyingi za kule zina nyanya na molasi, tamu kama jamu. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea chupa. Mama aliyezoea chumvi, ndimu na kachumbari atauliza nani ameimwagia nyama sukari.

Mimi nasema St. Louis. Forest Park peke yake ni kubwa kuliko Central Park ya New York, na mle ndani makumbusho ya sanaa, ya historia na bustani ya wanyama, kuingia hulipi hata senti.

Dereva_wa_I70
Dada yangu, mama anatoka Karatu. Umpeleke Marekani akaangalie twiga?

BintiLamu
😂 Hapo umenipata. Basi akae kwenye nyasi chini ya jumba la sanaa, mbele ya lile ziwa, aangalie watu na mabibi harusi wanaopigwa picha. Si ndicho alichoomba?

Halafu chakula. Kusini mwa jiji, mtaa wa Bevo, kuna Wabosnia waliokuja miaka ya 1990 wakikimbia vita. Wanachoma ćevapi, vijikebabu vya nyama ya kusaga, vifupi kama kidole, unapewa kumi ndani ya mkate wa duara ulio moto na vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa. Hakuna sukari. Hiyo ndiyo nyama ya mtu wa kwetu. Mimi huuliza kwanza kama ni halali, maana si kila mgahawa unafanana, na hawachukii kuulizwa.

Mzee_Kiboko
Nimeishi miji yote miwili, mmoja miaka nane, mwingine tisa. Jibu linategemea goti.

Kila mtu atakwambia upande Gateway Arch, lile tao kubwa la St. Louis. Ni kweli ni kitu cha ajabu: chuma kisichoshika kutu, mita 192 kwenda juu na upana chini mita hizohizo, walimaliza kulijenga 1965. Lakini kupanda ni kwingine. Unaingia kwenye kidude cha watu watano, mlango mfupi unainama, magoti yanagusana na ya jirani, dakika nne hivi kinapanda kikitikisika. Ukishuka kuna ngazi za kumalizia, na kiti cha magurudumu hakifiki kule. Juu kabisa madirisha ni membamba, unalalia tumbo ukutani ndipo uone chini. Mke wangu alipanda mara moja, akasema amelipa pesa kuingizwa kwenye mashine ya kufulia. Mama asipande. Alitazame tu kutoka chini, na anayetaka kusoma aingie Old Courthouse jirani, ambako mtumwa Dred Scott na mkewe Harriet walifungua kesi mwaka 1846 kudai uhuru wao.

Kansas City ni rahisi kwa miguu. Tramu ya katikati ya mji ni bure kabisa, inapita sokoni City Market na Union Station, stesheni ya 1914 yenye dari refu na mabenchi. Toka pale, ng'ambo kwenye kilima, kuna makumbusho ya Vita Kuu ya Kwanza. Najua mama hakuomba makumbusho, ila pale mlangoni unavuka daraja la kioo, na chini ya miguu yako kuna maua mekundu 9,000, kila ua moja ni wapiganaji elfu moja waliokufa. Mimi nilisimama pale nikawafikiria wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps walioacha jina Kariakoo. Walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na maua yale ni ya waliobeba bunduki. Sikumaliza ukumbi siku ile.

Kadogoo_STL
Naishi St. Louis, nitaongea ukweli. Pizza yetu ni nyembamba kama biskuti, imekatwa miraba, na inapakwa Provel, jibini linalonata kwenye meno kama gundi. Kwa mama huyu, hapana. Ravioli za kukaanga, hizo sawa: chukulia sambusa iliyoolewa Italia. Zinatoka mtaa wa The Hill, agiza za nyama na waambie wasinyunyize jibini juu. Jioni mpeleke Ted Drewes, kwenye ile Route 66 ya zamani, akale aiskrimu nzito ya mayai. Wanaigeuza kikombe juu chini mbele yako na haimwagiki. Foleni ni ndefu lakini inakwenda, na kuangalia watu pale ni bure.

Kitu kimoja: ukiegesha katikati ya mji usiache hata koti garini. Mimi kioo kilivunjwa kwa sababu ya mfuko uliokuwa na viatu vya mtoto.

Mpenda_Jazz
Hakuna aliyetaja 18th and Vine, mtaa wa jazz wa Kansas City? Kansas City ndiko alikozaliwa mpiga saksofoni Charlie Parker, 1920, upande wa Kansas. Makumbusho ya jazz na ya ligi za besiboli za Weusi yako jengo moja. Nimemaliza.

Mwana_wa_Karatu
Asanteni sana wote. Nilikuwa nimeshaamua Kansas City, Dereva alikuwa ameshinda kwa ile nyama nyeusi. Jana nikampigia mama nimwambie. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mississippi iko mji upi?" Nikamwambia St. Louis. Akasema, "Darasa la sita mwalimu alituchapa kwa sababu hatukuweza kuandika Mississippi. Nataka niuone huo mto."

Basi, St. Louis. Kadogoo, atauona wapi vizuri bila ngazi?

Kadogoo_STL
Haha, shikamoo kwa mama. Msiteremke zile ngazi kubwa mbele ya Arch, zitammaliza. Kuna barabara ya chini kando ya maji, lakini majira hayo mto ukijaa huwa wanaifunga. Vukeni daraja mwende upande wa Illinois, East St. Louis, kuna bustani inaitwa Malcolm W. Martin. Ina jukwaa la kutazamia lenye njia ya mteremko isiyo na ngazi. Ukikaa pale Mississippi yote iko mbele yako, na Arch ng'ambo yake. Nendeni asubuhi, jua liwe mgongoni.

Mzee_Kiboko
Ajue mapema tu kwamba maji ni ya kahawia, kama Rufiji wakati wa masika. Wageni wengi hutegemea bluu.

Mwana_wa_Karatu
Nimemwambia. Kasema ya kahawia ndiyo mto.

Dereva_wa_I70
Nimeshindwa na mwalimu wa darasa la sita. Nyama nitamletea Columbia Ijumaa, ndani ya foili, sosi pembeni.