Utabiri ulisema asilimia 30, ruracio ikalowa: huyu kipepeo anaingiaje hapa?

MamaMahema, Umoja

Habari zenu wanajukwaa. Mimi hukodisha mahema, viti na masufuria ya sherehe, huu mwaka wa tisa. Jumamosi iliyopita nilikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, mtaa wa Utawala hapa Nairobi, watu 200. Alhamisi nikatazama simu: Jumamosi alasiri, mvua asilimia 30. Nikaona 30 ni kidogo. Nikapeleka mahema mepesi yasiyo na kuta, mazito nikayaacha stoo kwa sababu yangehitaji lori la pili, shilingi 6,000.

Saa tisa na nusu ikamwagika. Wazee wakasongamana sebuleni, mukimo ukajaa maji, vitambaa vya viti vikachafuka matope. Mwenye sherehe nimemrudishia 35,000. Na kilichoniuma zaidi, nilipompigia kijana wangu Umoja, kilomita chache tu kutoka pale, akaniambia jua linawaka na ameanika vitambaa vya meza.

Huyo kijana yuko kidato cha nne. Jioni akanieleza: "Mama, ni mambo ya kipepeo. Akipiga mbawa Brazil, kimbunga kinatokea Texas. Hali ya hewa haitabiriki." Sasa nauliza wanaojua. Huyu kipepeo ni nani? Na kama haitabiriki, kila jioni tunatangaziwa nini?

BabaShiru, Kinoo

Pole sana mama. Mimi ni mkulima wa sukuma na viazi. Marehemu baba alitazama kumbikumbi na upepo, hakuwa na simu, na mara nyingi alipata.

Nimewahi kusoma habari za Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa dereva wa ambulensi Ufaransa, na huko huko akakokotoa kwa mkono hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910, siku iliyokwisha kupita, aone kama hesabu inaweza kutabiri. Ilimchukua wiki nyingi. Jibu likasema kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ingebadilika kwa milibari 145 katika saa sita, kumbe siku yenyewe haikubadilika karibu hata kidogo. Nadhani hapo ndipo watu waligundua kwamba hewa haifuati hesabu.

Mwalimu wa Hesabu, Buruburu

Mama, pole kwa hasara. Nimefundisha hesabu Eastlands miaka 22 na swali hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu. Kijana wako amekosea mahali pamoja tu, na hapo ndipo penye utamu.

Mwambie achukue kikokotoo. Aandike 0.3. Aitoe katika 1, apate 0.7. Azidishe 0.3 kwa 0.7, kisha kwa 4. Atapata 0.84. Hiyo 0.84 aifanyie vilevile, na jibu lake vilevile, aendelee hadi mara 10. Fomula hii aliipa umaarufu mtaalamu wa ikolojia Robert May mwaka 1976, akichunguza jinsi idadi ya viumbe inavyopanda na kushuka.

Kisha aanze upya na 0.301. Tofauti ni sehemu moja ya elfu. Hatua ya tatu atapata 0.9943 upande mmoja na 0.9956 upande wa pili, mapacha kabisa. Hatua ya sita: 0.3208 na 0.2576. Hatua ya kumi: 0.0434 na 0.6202. Hawajuani tena.

Mimi hugawa darasa. Walio upande wa dirisha huanza na 0.3, walio upande wa mlango 0.301, kila kundi likisoma jibu lake kwa sauti nami naandika ubaoni. Hadi hatua ya tano huwa wanalalamika kwamba nimewapa zoezi la shule ya msingi. Ikifika ya nane, wa dirishani husoma 0.4476, wa mlangoni 0.7190, na kila upande huanza kushuku kwamba wenzao wamekosea. Hakuna aliyekosea. Hakuna kete iliyorushwa. Ukianza na 0.3 leo au mwakani, utafika 0.0434 ileile. Kanuni haiyumbi hata kidogo, ila inaikuza kila tofauti ndogo ya mwanzo mpaka inameza kila kitu.

Hiyo ndiyo kaosi. Wengine huandika "nadharia ya machafuko", lakini neno hilo silipendi. Machafuko hapa Kenya tunayajua, na hayana kanuni. Kaosi ina kanuni.

Harufu yake ilisikika mapema. Mwaka 1889 Mfaransa Henri Poincaré alipewa zawadi ya mfalme wa Sweden na Norway kwa kazi kuhusu mwendo wa magimba matatu yanayovutana angani. Wakati inachapishwa likaonekana kosa, naye akalipa mwenyewe gharama ya kuchapisha upya, pesa zilizozidi zawadi. Katika kulisahihisha ndipo alipokutana na mienendo iliyosukana kiasi kwamba hakuthubutu kuichora.

Aliyeileta kwenye hali ya hewa ni Edward Lorenz wa chuo cha MIT, Marekani. Wakati wa Vita vya Pili alikuwa mtabiri wa hali ya hewa jeshini, kwa hiyo alijua machungu ya kukosea. Mwaka 1961 alikuwa na kompyuta iitwayo LGP-30, yenye ukubwa wa meza ya ofisi na kelele nyingi, ikikokotoa hali ya hewa ya kubuni kwa milinganyo 12. Siku moja alitaka kuangalia tena sehemu ya matokeo. Badala ya kuanza mwanzo kabisa, alichukua namba za katikati kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, akaziingiza, akaenda kunywa kahawa.

Alirudi baada ya kama saa moja. Mashine ilikuwa imekokotoa miezi miwili hivi ya hali ya hewa, na haikufanana na ile ya kwanza. Alidhani valvu moja ya mashine imeungua. Alipofuatilia mstari kwa mstari aliona namba zilianza sawa, kisha tofauti ikawa ikiongezeka maradufu kila baada ya siku nne hivi za ile hali ya hewa ya kubuni. Ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127. Karatasi, kwa kubana nafasi, ilichapa 0.506. Ni ile kukadiria hadi nafasi tatu za desimali ambako mimi mwenyewe huwafundisha watoto kila muhula.

Mwaka 1963 akachapisha makala yake akiwa amepunguza kila kitu hadi milinganyo mitatu, inayoeleza hewa inayopata joto kutoka chini, ikapanda, ikapoa, ikashuka. Fikiria maji ndani ya sufuria kabla hayajachemka. Na hapa kuna jambo husemwa mara chache mno, linaniuma: mashine hiyo Lorenz hakuiendesha peke yake. Margaret Hamilton, kisha Ellen Fetter, ndio walioandika programu na kukesha na namba. Fetter ametajwa kwa shukrani mwishoni mwa makala. Hamilton baadaye aliongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vilivyofika mwezini. Nina wasichana 19 katika kidato cha tatu na kila mwaka nahakikisha wanayajua majina hayo mawili.

Sasa kipepeo. Mwanzoni Lorenz alitaja shakwe, ndege wa baharini. Kipepeo alikuja Desemba 1972, kwenye mkutano wa wanasayansi Washington. Lorenz alikuwa hajapeleka kichwa cha mhadhara wake, mwenzake Philip Merilees akakitunga: je, kipepeo akipiga mbawa Brazil anaanzisha kimbunga Texas? Angalia, mama, ni *swali*. Na ndani ya mhadhara Lorenz alieleza kwamba kama kipepeo anaweza kusababisha kimbunga, basi anaweza vilevile kukizuia. Hakumshtaki kipepeo. Alisema hatuwezi kupima kila upepo mdogo duniani, na tusichokipima hukua.

BabaShiru, kuhusu Richardson, tusichanganye. Kosa lake halikuwa kaosi. Vipimo vya upepo na kanieneo alivyoanza navyo havikuwa vimesawazishwa, hesabu ikayachukua mawimbi ya uongo kama ya kweli. Njia yake ilikuwa sahihi, na ndiyo inayotumika leo kwenye kompyuta. Hewa hufuata hesabu.

Basi hiyo asilimia 30. Watabiri walipokubali somo la Lorenz hawakukata tamaa. Tangu Desemba 1992, kituo cha utabiri cha Ulaya kilichoko Reading, Uingereza, kimekuwa kikitabiri siku hiyohiyo mara nyingi, kila mara kikitikisa kidogo namba za mwanzo. Siku hizi ni mara 50, na moja zaidi isiyotikiswa. Darasa langu lile, ila lina pande 50. Zikikubaliana zote kwamba hakuna mvua, unatembea bila mwavuli. Kama 15 zina mvua na 35 hazina, unaambiwa takriban asilimia 30. Zile 15 ni alasiri zilizowezekana kabisa, na wewe Utawala uliangukia mojawapo.

Tena sisi wa ukanda wa ikweta tuna mzigo zaidi. Ulaya mvua nyingi huja na mifumo mipana ya mamia ya kilomita, inaonekana ikija siku kadhaa kabla. Nairobi ya vuli, jua linachoma mabati asubuhi, hewa inapanda, saa nane wingu limesimama juu ya mtaa mmoja, saa kumi na moja limekwisha. Mfumo wa kutabiri wa dunia nzima huigawa dunia kwa miraba ya kama kilomita 9. Umoja na Utawala zinaweza kuingia mraba mmoja, zikapewa jibu moja.

MamaMahema, Umoja

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Kijana ameketi hapa na kikokotoo, amepata namba zako zote. Halafu akajaribu lake: akaanza na 0.3001 badala ya 0.301. Hatua ya nane bado ziko karibu, 0.4476 na 0.4755. Lakini ya kumi na mbili ni 0.5542 na 0.1465. Anauliza kama amekosea.

Nami nina langu. Kama siku tatu mbele ni shida, mbona hutangaziwa miezi mapema kwamba vuli itakuwa nzito? Mwaka 1997 walisema mvua za El Niño zinakuja, zikaja kweli.

Mwalimu wa Hesabu, Buruburu

Hakukosea, na amegundua jambo kubwa akiwa jikoni kwenu. Aliboresha kipimo cha mwanzo mara 10, na faida aliyopata ni hatua tatu au nne tu. Ndiyo sababu satelaiti na kompyuta kubwa hazitatupa utabiri wa siku moja moja wa mwezi mzima. Mpaka uko kwenye wiki mbili hivi, na hata kufika huko ni kazi. Mpe pongezi zangu.

Kuhusu vuli: siwezi kukuambia matatu yako itafika Muthurwa dakika ya ngapi. Lakini ikiwa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi na kunanyesha, naweza kukuambia leo kwamba Jogoo Road itakwama. Sijui gari moja, najua kinachoyasukuma yote. Kwa mvua zetu za vuli kinachosukuma ni bahari, na bahari hubadilika polepole. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, kama 1997 na 2019, vuli huelekea kuwa nzito. Ndiyo maana ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu hapa Ngong, na Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri wa msimu kwa uwezekano: juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida. Masika ni ngumu zaidi, haifungamani na bahari kwa namna iliyo wazi hivyo. Lakini msimu kuwa mzito hakukuambii kitu kuhusu Jumamosi yako.

Sasa tufanye hesabu ya biashara yako. Lori la pili ni 6,000. Mvua ikikukuta bila mahema mazito unapoteza 35,000. Gawanya 6,000 kwa 35,000, unapata 0.17. Kila simu inaposema zaidi ya asilimia 17, lori la pili ni rahisi kuliko hasara, ukihesabu sherehe zako zote za mwaka kwa pamoja. Kwa 30 ulipaswa kuyabeba. Chini ya 17, yaache. Na usiamue Alhamisi. Tazama tena Ijumaa jioni, maana kila siku inayopita zile pande 50 huanza upya na vipimo vipya, na tofauti haijapata muda wa kukua.

MamaMahema, Umoja

Nilikuwa nangoja ifike nusu, asilimia 50, ndipo nijali. Kumbe yangu ni 17. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la oda.

Jumamosi hii niko Ruai, harusi, watu 350. Leo Jumatano simu inasema 20. Mwenye lori nimemwambia asikubali kazi nyingine mpaka Ijumaa saa mbili usiku. Kijana ameanza 0.30001.