Tupeane uzoefu: ni tabia gani ya maisha ya mjini umeiacha kwa sababu inaumiza ardhi yetu ya Dodoma?

Mkole wa Ilazo (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba uzi huu uwe wa watu waliojaribu kitu kwa mikono yao. Dodoma imebadilika sana. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia huku moja kwa moja, 2018 tukapewa hadhi ya jiji, na sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179. Tulikokuwa tunachunga mbuzi sasa ni viwanja vilivyopimwa. Na namna ya kuishi imebadilika: ua mzima unafunikwa pevingi, ukoka unamwagiliwa kila jioni, kila kikao ni katoni za maji ya chupa, wikiendi ni nyama choma juu ya mkaa, na dukani mtaa wa pili tunakwenda na gari la injini kubwa.

Kupenda kuishi vizuri si kosa. Lakini hapa ni nchi kame. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, inaanza Desemba na ikifika Aprili inakatika. Maji mengi ya bomba yanavutwa kutoka chini ya ardhi kule Makutupora, na maji yale yanajazwa na mvua hiyo hiyo. Kwa hiyo ninachoamua kuhusu ua wangu kinamgusa na jirani, na mtu ambaye hata sijamwona.

Nianze mimi. Tulipomaliza kujenga, tulishauriwa pevingi ukuta hadi ukuta kama mtaa mzima. Mimi na mama watoto tukakubaliana pevingi iishie njia ya gari na kibaraza. Kwingine kote tukaacha udongo, tukachimba mtaro mpana wa kukinga mteremko, na kando yake tukapanda mkwaju, mwarobaini na zabibu za kichanja. Maji ya bati yanaingia simtanki, na ikijaa yanamwagikia mtaroni. Ukoka hatukuweka kabisa.

Ilipopiga ile mvua kubwa ya Januari nilitoka kuangalia. Mtaro ulijaa, maji yakatulia yakiwa na povu la kahawia na majani makavu juu yake, kisha kidogo kidogo yakaanza kuzama na kuacha alama ya tope kwenye kingo. Nje ya geti hali ilikuwa nyingine. Nyumba zilizozibwa ardhi yote zilikuwa zinasukuma maji barabarani, mto mwekundu unakwenda korongoni na udongo, chupa na kandambili za watoto. Mvua ile ndiyo tunayoisubiri miezi minane, na tunaifukuza mjini ndani ya saa moja.

Karibuni. Semeni mlichoacha au kupunguza, mlianzaje, kilikugharimuni nini, na kama bado mnakiendeleza.

Fundi wa Kizota

Mkuu umenigusa, maana kutandaza pevingi ndiyo kazi yangu. Wateja wengi wanataka chini tumwage zege na nafasi zote tuzibe kwa saruji ili majani yasiote. Ukifanya hivyo hakuna tone linalozama. Siku hizi kabla sijatoa bei namweleza mteja njia nyingine: chini kokoto na mchanga, nafasi zijazwe vumbi la kokoto, na pembeni ubaki ukanda wa udongo wa kupandia. Gari linapita vizuri tu. Wengine wanakubali, hasa wakiona bei imeshuka. Wengine wanakataa na ninawafanyia watakavyo, kwa sababu nami nina watoto wanaosoma. Lakini kusema lazima niseme.

Kuna jambo moja halizungumzwi, nalo ni mchanga. Unatoka kwenye makorongo huko vijijini. Korongo likikauka, maji yanabaki ndani ya mchanga, na kiangazi kina mama wanafukua visima humo humo kwa mikono. Malori yakikomba mchanga mpaka udongo mgumu, hakuna pa kufukua tena. Nimefika korongo moja nikakuta vile visima vimebaki mashimo makavu. Nyumba kubwa kupita haja yako inakula mchanga wa watu, na tofali za kuchoma nazo zinakula miti yao. Ndiyo maana mteja wa vyumba sita mwenye familia ya watu wanne namuuliza kwanza, vyote vya nini?

Mama Makande Sabasaba

Mimi ni mama lishe, mkaa ndio umenilea. Nilipunguza, sijauacha wote, na sitawadanganya.

Gesi niliipenda kwa chai, mayai, wali na mboga. Kwa maharage na makande iliniumiza mfuko, mtungi ulikuwa unaisha haraka mno. Kilichonisaidia ni presha kuka ya umeme ambayo binti yangu aliniletea. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi naweka humo nafunga, naendelea na kazi nyingine. Kilo ya maharage haifiki uniti moja ya umeme. Mkaa sasa ni wa kuchomea nyama na siku umeme ukikatika, na jiko lenyewe ni lile banifu la udongo ndani.

Kikwazo ni bei ya kuanzia, kina mama wengi hawawezi kuitoa kwa mkupuo. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikubali kukopesha vyombo vya kupikia badala ya fedha taslimu, na hapo ndipo wenzangu nao wakaanza. Nasikia mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kama ni hivyo, watuangalie sisi wapishi wa maharage, siyo wapishi wa chai.

Mchunga Chamwino

Shikamoo mama Makande. Mimi naishi huko gunia la mkaa linakotoka, ngoja niwaeleze.

Tanuru la udongo la kienyeji linahitaji kilo sita mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kuni nyingine zote zimekuwa moshi na majivu. Mchomaji anachagua mti mgumu, mgunga uliokomaa au mkambala, kwa sababu nyie mjini mnataka mkaa mzito usioisha haraka. Tukisema wanakijiji ndio wanaomaliza miti, tuangalie pia mnunuzi ni nani. Kijana kwetu hachomi mkaa kwa kupenda, anachoma mwaka ambao mtama na uwele vimekauka shambani.

Nilichofanya mimi ni kisiki hai. Zamani nilikuwa nalima kila kitu kinang'olewa, shamba jeupe, ndivyo tulivyofundishwa kwamba shamba safi ndilo la mtu mwenye bidii. Sasa visiki vikichipua navipogolea na kuviacha. Mwaustralia Tony Rinaudo aliieneza njia hii Niger miaka ya 1980, na huku kwetu Dodoma imefika vijiji vingi. Sinunui mche, simwagilii, mizizi ipo tayari chini. Leo upepo wa Agosti haubebi udongo wangu kama zamani, mbuzi wana kivuli, na kuni za nyumbani napata kwenye matawi ninayopunguza.

Mdau wa Area D

Samahani wakuu, nitatofautiana kidogo. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia nne ya hewa ukaa ya dunia. Marekani, China, Ulaya wamechoma makaa ya mawe na mafuta miaka na miaka. Leo mama lishe wa Sabasaba aambiwe jiko lake ndilo linaloharibu dunia? Huu mzigo wa mtu mmoja mmoja naona unabebeshwa wanyonge ili wakubwa wapumue. Naongea kwa heshima, nataka kuelewa.

Mzee wa Kondoa

Mwanangu wa Area D, hoja yako ni nzito na ni ya haki. Madeni ya wakubwa tuwadai wakubwa. Lakini kuna uharibifu wa dunia na kuna uharibifu wa hapa hapa, na huu wa pili haukuja na meli.

Nimekulia Kondoa Irangi. Udongo wetu ulikuwa umechimbika makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia hatoki, milima imebaki mifupa. Mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO. Wakachimba matuta, wakapanda miti, lakini mifugo iliendelea kukanyaga. Mwaka 1979 ikatoka amri: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote watoke kwenye eneo lililoharibika. Familia nyingine zilipeleka mifugo kwa ndugu mbali. Nyumba zilizozoea maziwa kila asubuhi zikakaa bila maziwa. Mahari ikawa ngumu, mbolea ya samadi ikakosekana, watu walilia kweli kweli. Baadaye ndipo ukaja ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wanaokatiwa majani.

Nyasi zilirudi. Miti ilirudi yenyewe pale ambapo hakuna aliyepanda. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini ninachotaka ushike ni kwamba tulisubiri mpaka tukaamriwa, na amri haina huruma: ilimkuta mwenye ng'ombe wawili sawa na mwenye mia. Nyie wa mjini leo bado mnaweza kuchagua wenyewe, kidogo kidogo, kila nyumba kwa uwezo wake. Na anayetumia zaidi ndiye aanze kupunguza. Mama lishe awe wa mwisho kuulizwa.

Mdau wa Area D

Nimekuelewa mzee wangu, ahsante. Hapo kwenye anayetumia zaidi aanze, tuko pamoja.

Katibu Kamati

Mimi nimekuwa katibu wa kamati za harusi kadhaa hapa mjini. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tukadhani plastiki imeisha. Imehamia kwenye chupa. Ukumbi wa watu mia tatu, kila mtu chupa mbili, nyingine zimenywewa nusu na kuachwa, usiku zinakusanywa na kuchomwa moto nyuma ya ukumbi. Moshi wa plastiki ni sumu, na wanaouvuta ni wale wadada wa usafi.

Harusi ya mdogo wangu tuliweka madumu makubwa ya maji na glasi za kukodi. Shangazi mmoja alilalamika kwamba tumeonekana hatuna hela. Mama akamjibu pale pale kwamba maji ni yale yale. Fedha iliyobaki ilimlipa mtu wa kuosha glasi. Kamati mbili baada yetu zimeiga.

Jambo la pili ni sare. Kitchen party kitenge chake, send-off chake, harusi chake, na kila kimoja kinavaliwa mara moja kinafungiwa kabatini. Vingi vya bei rahisi hata si pamba, ni plastiki iliyofumwa. Sisi tulitaja rangi tu, kila mtu avae alichonacho. Picha zilitoka nzuri.

Msafiri wa Nzuguni

Langu fupi. Nilikuwa naendesha gari peke yangu kwenda Dar karibu kila mwisho wa mwezi, kilomita kama 450, tangi linajazwa kwenda na kurudi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, napanda treni. Nafika bila uchovu, mafuta sinunui. Dukani natembea. Gari lipo, linatoka kukiwa na mgonjwa au mzigo.

Mkole wa Ilazo

Ahsanteni sana. Mama Makande, hilo la kikundi kukopesha vyombo nalipeleka kwenye kikundi cha mtaa wetu jumapili hii. Mzee wa Kondoa, shikamoo, ningeomba siku moja utuanzishie uzi wa HADO peke yake, vijana wengi hawajui.

Mwenye Kiwanja Nala

Wakuu, nimesoma kimya kimya. Nina ekari mbili huku Nala, zina visiki vingi vya migunga na mikwaju midogo. Ujenzi si leo wala mwakani. Nimeambiwa nilete kijiko, ile mashine ya kuchimbua ardhi, kisafishe chote ili watu wasidhani ni pori. Mchunga Chamwino, ungekuwa wewe ungefanyaje, na mwezi gani?

Mchunga Chamwino

Ndugu yangu, kijiko usilete. Weka mipaka yako inayoonekana, mawe au minyaa pembeni, hakuna atakayesema ni pori. Subiri Oktoba au Novemba kabla ya mvua. Kila kisiki angalia machipukizi, chagua mawili au matatu manene yaliyonyooka, mengine kata kwa panga kali karibu na shina, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Hayo uliyobakiza punguza matawi ya chini, lakini usipite nusu ya urefu wake. Matawi uliyokata usiyachome, yatandaze chini yazuie maji. Mvua ikianza vitachipua tena pembeni, rudi Februari uvipunguze. Shida kubwa itakuwa mbuzi wa majirani, kwa hiyo kazungumze nao mapema kabla ya kushika panga, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Ukiwa tayari niandikie, nitakuja tuanze pamoja visiki vya kwanza.