Toyota 86, GR86, MX-5 au 370Z: tukiacha injini, lipi lina ndani ya kukaa nayo Tanga?

Kijana wa Sahare

Salaam wadau. Nataka kuagiza gari la spoti kutoka Japan na orodha imebaki na manne: Toyota 86 ya kwanza (ile iliyoanza 2012), GR86 iliyoingia 2021, Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, ambayo kwao wanaiita Roadster, na Nissan 370Z. Mambo ya injini naomba tuyaweke kando, nyuzi zake zimejaa humu. Mimi nauliza ya ndani: siti, usukani, mita, skrini, swichi za AC. Nakaa Sahare, kazi bandarini, na wikiendi nikipata nafasi napanda Lushoto kwa wazee. Kwa joto letu na barabara zetu, kipi cha ndani nikilipie na kipi ni pambo tu? Waliowahi kuendesha waseme. Wanaojua kwa picha pia waseme, ila watuambie 😀

Fundi wa Pongwe

Mkuu, mimi ni fundi umeme wa magari, nakupa ninayokutana nayo. Skrini unayoiona kwenye picha za mnada usiihesabu kama faida. Ramani yake ni ya Japan tupu. Menyu ni Kijapani. Redio inaanzia FM 76 na zile za zamani zinaishia 90, wakati vituo vyetu vinakwenda mpaka 108, kwa hiyo unaambulia kipande kidogo pale kati ya 88 na 90 mpaka ufungiwe kile kidude cha kushusha masafa. Kikiwa cha megahetzi 20, kituo cha 98 utakipata kwenye 78. Wateja wengine hawazoei hesabu hiyo mpaka gari linauzwa.

Halafu redio nyingi za kule ukichomoa betri zinadai namba ya siri, na nyingine kadi ya ramani ikitolewa haziimbi hata wimbo mmoja. Yule dada anayesema Kijapani kila ukiwasha gari anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule. Huyo huwa namchomoa kabla sijagusa kingine chochote.

Kwa hiyo usiulize skrini ni inchi ngapi, uliza kama inatoka ikapisha nyingine. Kwenye 86 ya kwanza nafasi ya redio ni ya kawaida, unaweka uipendayo yenye Android Auto (ile ya kuonyesha programu za simu kwenye skrini) na Kiswahili juu. Roadster skrini imesimamishwa juu ya dashibodi na imeunganishwa na mfumo wa gari, kuigusa ni kazi nyingine na bei nyingine. GR86 za soko la Japan redio mara nyingi huongezwa na muuzaji, kwa hiyo gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na skrini tofauti kabisa. Tazama picha za gari lenyewe, si za tangazo la kiwanda.

Mwalimu Makorora

Namuunga mkono fundi na naongeza. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapima madereva wakiwa kwenye mwendo wa 110 kwa saa, wakawapa kazi nne za kawaida kama kuwasha kipasha joto cha siti na kubadili kituo cha redio. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kubonyeza tu, kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10, gari limesogea mita 306. MG Marvel R yenye skrini kubwa ilichukua sekunde 44.6, gari limekwenda mita 1,372. Kilometa moja na ushei, macho yako kwenye skrini!

Ndiyo maana Euro NCAP, wale wanaotoa nyota za usalama Ulaya, kuanzia 2026 gari likitaka nyota tano sharti honi, indiketa, waipa na taa za hatari ziwe na swichi ya kushika kwa mkono. Na Ferrari, waliokuwa wameweka usukani wa kugusagusa, kwenye Amalfi ya 2025 wamerudisha vitufe vya kubonyeza, pamoja na cha kuwashia gari.

Magari yako yote manne, Alhamdulillah, AC yanaendeshwa kwa vitufe na swichi za kuzungusha. Hapo umeshajinusuru kabla hujachagua.

Dogo Chumbageni

Walimu na mafundi mnapenda ukale 😂 Skrini haijaua mtu, anayeua ni dereva anayeangalia WhatsApp. Mimi nasema GR86 na sababu ninayo. Mita yake ni kioo cha inchi 7 mbele ya usukani, spidi imeandikwa kwa tarakimu kubwa. Kwenye 86 ya kwanza katikati kuna mita ya mizunguko ya injini, na mita ya spidi imebanwa kushoto, ndogo, namba zimesongamana. Sasa toka mjini kwenda Segera, hesabu vibao vya 50. Askari na tochi yake ya kupima mwendo hana habari kama mshale wako ulikuwa kwenye 50 au 57. Tarakimu ndiyo inayokuokoa.

Pia kamera ya nyuma. Jaribu kurudi nyuma na gari la chini namna hiyo barabara za Ngamiani saa kumi na mbili jioni, baiskeli kushoto, baiskeli kulia, mtoto na sinia la kashata katikati. Kioo cha nyuma cha 370Z ni kama dirisha la choo. Skrini mnayoidharau ndiyo itakayokuonyesha.

Fundi wa Pongwe

Kamera sikuikataa, Dogo. Ikifungwa kwenye redio mpya inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kiwandani. Nimesema tu asiilipie ya Japan.

Binti Raskazoni

Jamani mnabishana mita tu, siti hakuna aliyezitaja, na ndizo unazozikalia. Mimi nina Roadster, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kaka wa Sahare, siti za ngozi nyeusi ziache hukohuko. Ukiegesha bandarini saa sita mchana, ukirudi hukai, unachuchumaa. Na jasho la pwani linafanya ngozi inate mgongoni. Kipindi cha masika gari likikaa siku nyingi limefungwa, ngozi inaota ukungu mweupe, unafuta leo, kesho umerudi. Kitambaa kinapumua. Zile za ngozi laini ya manyoya ni nzuri kwa macho na zinashika mwili kwenye kona, ila jasho linazilaza manyoya, pale begani panakuwa panang'aa kama kiwiko cha koti la zamani. Na tena, Roadster za ngozi za Japan zinakuja na kipasha joto cha siti. Unalipia joto, Tanga!

Pili, urefu. Mimi ni mfupi, najiona nimetengenezewa. Kaka yangu mrefu alipokaa, magoti yalikutana na usukani. Usukani wa Roadster za mwanzo unapanda na kushuka tu, hausogei mbele na nyuma. Kuanzia maboresho ya 2018 ndiyo unasogea. 370Z nayo usukani wake haujongei kuja kifuani, ila mita zote zinapanda na kushuka pamoja nao kwa hiyo hauzibi namba. 86 zote mbili unausogeza kila upande.

Tatu, wanawake mtanielewa. Gari la chini lenye siti iliyoinuka ubavuni, umevaa dera, unatoka mbele ya watu ukumbini. Kuna ufundi wake. Kwanza miguu yote miwili nje, kisha ndiyo unainuka. Na Roadster haina ule mfuko wa dashibodi mbele ya abiria, kisanduku kipo nyuma katikati ya siti, mkoba unaukumbatia mwenyewe.

Paa kufungua ni jioni tu, upepo wa bahari ukishaingia. Saa saba mchana anayefungua paa ni mgeni.

Mzee wa Mkwakwani

Nimewasoma. Nyote mmesema ya mjini, mwenzenu kasema anapanda Lushoto. Pale Mombo ukiacha lami kuu ni kona juu ya kona zaidi ya kilometa 30, huku ukuta, huku bonde. Huko dereva anataka vitu vitatu: siti imshike asining'inie kwenye usukani, mita ya mizunguko aione bila kuitafuta, na ajue mafuta ya injini yamepata joto kiasi gani.

Kwa la tatu 370Z inawazidi wote. Juu ya dashibodi katikati imebeba saa tatu ndogo: joto la mafuta, umeme wa betri na saa ya majira. Hazihitaji menyu. Ya gia za mkono kuna zenye kitufe cha kuifanya injini ijipandishe mizunguko yenyewe ukishusha gia. Mimi nakizima, lakini kwa anayejifunza ni msaada mkubwa akiteremka.

Mita ya mizunguko kukaa katikati, ambayo Dogo ameilalamikia, ndiyo desturi ya magari ya kukimbia, Roadster nayo ni hivyohivyo. Porsche 911 wameiweka hapo miaka na miaka, wa 2024 ndio walioondoa mshale wakaweka kioo. Sijapendezwa, ingawa hawakuniuliza.

Na handbreki zote nne ni za kuvuta kwa mkono. Ukipanda daraja ukaenda kwenye GR Supra utakuta ya kitufe. Mimi handbreki ya kitufe siiamini kwenye mteremko.

Dogo Chumbageni

Shikamoo mzee. Lakini tochi mzee hujaijibu.

Mzee wa Mkwakwani

Marahaba. Nakuja.

Altezza Forever

Mnakesha na magari ya mamilioni wakati Toyota Altezza ipo, gia sita za mkono, mita zimechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya, na vipuri Ngamiani vimejaa. Haya, endeleeni.

Fundi wa Pongwe

Altezza naipenda, lakini plastiki laini za miaka ile zikishapigwa na jua letu miaka kadhaa zinalainika, ukigusa dashibodi vidole vinabaki na utando. Ndiyo tahadhari kwa gari lolote la zamani: usinunue kwa picha za nje. Omba picha ya juu ya dashibodi karibu na kioo, ya ubavu wa siti ya dereva upande wa mlango (hapo ndipo kitambaa kinapochanika kwanza) na ya usukani saa tisa na saa tatu. Usukani ukiwa umechunika na kilometa zimeandikwa elfu thelathini, jiulize.

Na kuna jambo halijasemwa. 86 zilizoboreshwa 2016 zilipewa usukani mdogo wa milimita 362, wenye vitufe vya redio, na daraja la GT likaongezwa kioo kidogo cha inchi 4.2 pembeni ya mita ya mizunguko kinachoonyesha joto la mafuta. Mshale wa mzee upo palepale, na ndani ya mita hiyohiyo kuna spidi ya tarakimu ya Dogo.

Kijana wa Sahare

Ahsanteni sana. Binti Raskazoni umenitisha na hilo la magoti, mimi ni mrefu, Roadster naiondoa isipokuwa nikipata ya baada ya 2018. 370Z nitaikosa kwa zile saa tatu tu, siti mbili hazinifai nikiwa na mama na mdogo wangu kwenda Lushoto. Nimemwandikia wakala: 86 GT ya 2016 mwishoni kuendelea, gia za mkono, siti za kitambaa, redio ya kawaida au hata pasipo redio. Fundi nitakuja Pongwe kwa ajili ya kamera.

Binti Raskazoni

Huyo mama usimkalishe siti ya nyuma ya 86 mpaka Lushoto. Mdogo wako ndiye akae nyuma, tena awe amekula kidogo.

Mzee wa Mkwakwani

Dogo, kuhusu tochi: ukiona kibao cha 50, unaondoa mguu kwenye mafuta.

Dogo Chumbageni

😂😂 Sawa mzee.